Daftari la Jikoni kwa Shangazi

Kiwandani walimwita Bi Kufuli, na hakuna aliyemwonea. Mwanamke anayeziba vitufe vya lifti kwa kiganja wakati anabonyeza ghorofa ya pili, ungemwita nani? Jengo lenyewe lilikuwa na ghorofa mbili tu. Simu yake akiiweka mezani, aliilaza kifudifudi. Mumewe, mwalimu wa udereva, akimpigia kwa namba ngeni, ilibidi kwanza ataje walikula nini siku walipokutana mara ya kwanza. Kwa kuwa mwanamume huyo hakumbuki hata alichokula asubuhi, mazungumzo mengi yaliishia hapo.

Cheo chake kamili kilikuwa Mkuu wa Usalama wa Taarifa, na kiwanda kilikuwa cha magodoro. Kwa lugha ya kawaida, kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba majina ya wateja, bei za jumla, mikataba na kila kilichomo ndani ya kompyuta za kiwanda hakichungulii nje bila ruhusa. Alijaribu kumweleza hivyo mama yake siku alipopata kazi.

"Kwa hiyo wewe ni mlinzi," mama alisema.

"Si mlinzi wa getini, mama."

"Usalama ni usalama. Wamekupa koti?"

Alieleza mpaka koo likakauka, kisha akanyoosha mikono. Mama akautangazia mtaa mzima kwamba binti yake analinda kiwanda, tena peke yake, na kila mvua iliponyesha alipiga simu kuuliza kama kibanda chao kinavuja. Hata hivyo, hakuna mtu Bi Kufuli aliyemtegemea kuliko huyo mama. Kila tarehe mosi, kabla ya jambo lolote, alifunga mlango wa ofisi, akampigia, wakanong'onezana dakika kumi. Mnong'ono huo ulihusu nini, kiwandani hakuna aliyejua.

Kilichomuuma si jina la utani. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa hasikilizwi. Kila mwezi aliwakusanya wafanyakazi wote wanaotumia kompyuta, themanini na sita pamoja na yeye, awafundishe jinsi matapeli wa mtandaoni wanavyomwingia mtu. Na chumba pekee cha kuwatosha wote kilikuwa ukumbi wa maonyesho, ambako magodoro bora ya kiwanda yalitandikwa kwenye vitanda, na shuka safi juu. Watu walikaa palipokuwa na pa kukaa. Dakika ya tano wanaegemea, dakika ya kumi wamejinyoosha, dakika ya kumi na tano meneja wa mauzo anakoroma kwenye godoro la inchi nane, akilitangaza vizuri kuliko alivyowahi kulitangaza akiwa macho. Bi Kufuli alifundisha hivyohivyo, akiwatazama wale wachache waliokuwa bado wanapambana na kope zao. Nyuma kabisa alisimama Shangazi wa chai na birika lake, akisubiri somo liishe ili awaamshe kwa vikombe.

Kwa hiyo alishika sheria, maana sheria hailali. Neno la siri la kufungulia kompyuta libadilishwe kila tarehe mosi. Liwe na herufi kumi na nne, kubwa na ndogo zikichanganywa na tarakimu na alama. Lisifanane na la mwezi uliopita, na asionekane mtu ameliandika mezani kwake. Kila Ijumaa alifanya msako, akiinua kibodi moja moja na kuchungulia chini ya kalenda. Wiki za mwanzo aliokota vikaratasi kama anayepukuchua mahindi. Kisha ghafla vikaisha. Karibu miaka mitatu mfululizo, hakuna kikaratasi, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kulalamika kwamba amesahau neno lake. Watu themanini na sita, karibu miaka mitatu, kusahau sifuri! Aliichora sifuri hiyo kwenye ripoti, kubwa na nyekundu, katikati ya ukurasa.

Na aliihitaji, kwa sababu Alhamisi bodi ilikuwa inakutana kuamua kama cheo chake kibaki au kifutwe. Mwenyekiti wa bodi ndiye mzee aliyeanzisha kiwanda, enzi anakata sponji kwa kisu cha jikoni sebuleni kwake. Mzee huyu alikuwa ameuliza swali moja tu kwenye kikao kilichopita: "Huyu mama analinda nini hasa? Godoro linaibwaje kwa barua pepe?" Hakuna aliyemjibu. Bi Kufuli alijua kwamba asipojibu yeye siku hiyo, unga wake umemwagika.

Jumanne, akipitia ripoti hiyo kwa mara ya saba, alimwaga chai juu yake. Chai yake ililetwa mezani kila siku saa nne, Shangazi mwenyewe akiibeba kwenye sinia, na kwa miaka mitatu Bi Kufuli aliichukulia kuwa ni heshima ya cheo. Wengine wote walijifuatia jikoni. Basi siku hiyo aliinuka mbio kutafuta kitambaa, akausukuma mlango wa jikoni bila hodi.

Meneja wa mauzo alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono kifuani kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Simu yake ilikuwa juu ya friji. Mbele yake Shangazi alisimama, miwani puani, daftari la gamba jekundu mkononi, akimsomea taratibu: "Herufi kubwa M. Halafu tisa. Halafu ile alama inayofanana na uzio…"

Meneja wa mauzo alipomwona aliyeingia, alikula kona kwa mlango wa nyuma na kuiacha simu yake palepale kwenye friji.

"Hiki ni nini?" Bi Kufuli aliuliza.

"Daftari."

"Naona ni daftari, Shangazi. Lina nini ndani?"

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa aproni. Alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, ambaye hajawahi kuharakishwa na mtu. "Ulikataza watu wasiandike mezani kwao, bosi. Hapa si mezani kwa mtu."

Bi Kufuli alilichukua, akafungua. Hakukuwa na jina la mtu popote. Juu ya kila ukurasa kulikuwa na maelezo ya chai, na chini yake herufi kumi na nne. *Vijiko vitatu, tangawizi nyingi, kikombe cha bluu. Maziwa matupu, anasema ana vidonda vya tumbo.* Na ukurasa mmoja uliandikwa: *Bila sukari mbele za watu. Akiwa peke yake, vinne.*

"Huyu ni mkurugenzi," alisema, akijishangaa kwa kujua.

"Mimi sijasema."

"Watu wangapi wamo humu?"

"Themanini na tano."

Sifuri yake nyekundu ilimjia machoni. Alikaa kwenye kigoda. Shangazi, bila kuulizwa, akamweleza utaratibu, na alieleza kwa fahari ya mtu anayeonyesha nyumba yake mpya. Hasomewi mtu ukurasa usio wake. Simu inawekwa juu ya friji kwanza, asije mtu akapiga picha. Wakiwa wawili, mmoja anatoka. Neno haliulizwi kwa simu wala kwa kutuma mtu. Mwenyewe aje, aonekane uso. Na daftari hulala kwenye kopo la biskuti, chini ya vijiko, na ufunguo wa kopo hulala mahali ambapo, kwa maneno yake mwenyewe, hata marehemu mume wake alikuwa anaomba ruhusa.

"Mwezi wako wa nne hapa alikuja jamaa mmoja wa tai," aliendelea. "Akasema ametumwa na mkurugenzi arekebishe mtandao, anataka pasiwedi yake upesi, mambo yanaharibika. Nikamwambia kaa unywe chai, nimtafute mkurugenzi mwenyewe. Niliporudi nikakuta chai inapoa, mtu hayupo."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia, ungeniuliza kwa nini alikuja jikoni."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wake ndio uliomwasha hasira zaidi. Bi Kufuli alikuja juu. Alisema mambo kuhusu uaminifu, kuhusu hatari, kuhusu moto mmoja wa jiko kuwafungia nje watu themanini na tano. Akalitwaa daftari, akalifungia kwenye kabati lake la chuma. Kabla ya saa kumi jioni alikuwa ameshatoa amri: kila mtu abadilishe neno lake leo hii, na asiliandike popote, mezani, jikoni wala kwenye ukuta wa choo.

Walitii. Jumatano asubuhi kiwanda kizima kikawa hakikumbuki kitu.

Meneja wa mauzo alijaribu jina la kila mtoto wake, kisha majina ambayo mkewe hakutakiwa kuyasikia, mpaka kompyuta ikamfungia. Stoo hawakuweza kuchapisha hati za kutokea, kwa hiyo malori tisa yalisimama getini yakiwa yamejaa magodoro, na madereva wakapanda juu ya mizigo wakalala, maana nafasi kama ile haiji mara mbili. Mstari wa kuomba kufunguliwa ulianzia mlangoni kwa Bi Kufuli, ukashuka ngazi hadi mapokezi. Mkurugenzi alikuwa wa kumi na nane, kikombe kitupu mkononi. Bi Kufuli aliwafungulia wote mmoja mmoja, na baada ya chakula cha mchana thelathini na wawili wakarudi, wamesahau tena. Shangazi alipita na sinia bila kusema neno, na kunyamaza kwake kulimchoma kuliko malalamiko ya wote wale.

Jioni, mezani, mumewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa ushauri wa mwalimu wa udereva.

"Nyamaza. Tazama mbele. Waonyeshe sifuri yako, ondoka."

"Sifuri ni ya uongo."

"Wao wanajua?"

Somo la kwanza kabisa la Bi Kufuli, lile analoanza nalo kila mwezi kabla usingizi haujawachukua, lilikuwa hili: ukikosea, sema mapema, kwa sababu kosa lililofichwa ndilo linalokua. Amewaambia watu hivyo kwa miaka mitatu. Alisonya, akaondoa vyombo mezani.

Alhamisi, chumba cha bodi kilikuwa na meza ndefu, viti vya ngozi na watu saba waliokwisha kutazama saa zao. Mzee mwenyekiti alikaa mwisho wa meza, fimbo kati ya magoti. Mkurugenzi alikaa pembeni yake na macho mekundu. Bi Kufuli alisimama mbele ya ukuta ambapo sifuri yake ilikuwa inawaka, nyekundu, kubwa kuliko kichwa chake.

"Hii sifuri," alianza, "ni ya uongo. Sikujua kuwa ni ya uongo hadi juzi. Naomba niieleze."

Akaeleza. Daftari, kopo la biskuti, vijiko vya sukari, malori tisa. Hakujitetea wala hakutia chumvi. Mjumbe mmoja wa bodi alianza kucheka pale kwenye simu juu ya friji, akajifanya anakohoa. Mkurugenzi, ilipotajwa habari ya vijiko vinne, alitafuta kitu chini ya meza na akakaa hukohuko kwa muda.

"Aitwe huyo mwenye daftari," mzee alisema.

Shangazi aliingia na sinia, akidhani wanataka chai. Alianza kupanga vikombe.

"Acha vikombe. Mimi nataka pasiwedi ya mkurugenzi, ile ya zamani. Nasikia una kichwa kizuri, lazima unaikumbuka."

"Naikumbuka, mzee."

"Nitajie."

"Hapana, mzee."

Mzee aliegemea fimbo. "Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, mzee. Wewe ndiye mwenye kiwanda. Ndiyo maana nakukatalia kwa adabu."

"Imeshabadilishwa! Haina kazi tena!"

"Kama haina kazi, mzee, unaitakia nini?"

Yule aliyekuwa anakohoa sasa alicheka waziwazi. Mzee alimtazama Shangazi kwa muda mrefu, kama anapima sponji kabla ya kuikata. "Nani kakufundisha haya?"

Shangazi alimwonyesha Bi Kufuli kwa kidevu. "Huyu."

"Mimi?" Bi Kufuli alisema.

"Nani mwingine? Mwezi wa kwanza ulisema mtu akikuharakisha, wewe punguza mwendo. Mwezi wa pili ukasema akitaja jina la mkubwa, mtafute mkubwa mwenyewe. Wa tatu, siri ya mtu asiijue hata mwenzake wa karibu. Wa nne ndiyo akaja yule wa tai, nikasema alaa, kumbe mambo yenyewe ndiyo haya." Aliyahesabu kwenye vidole, mwezi kwa mwezi, miaka mitatu yote, kwa maneno yaleyale ambayo Bi Kufuli aliyaandaa kila Jumapili kwenye meza ya chakula na kudhani yamekwenda na maji. "Wengine walikuwa wamelala, mzee. Si kosa lao, magodoro yako ni mazuri. Mimi nilikuwa nimesimama na birika la moto. Ukisinzia na birika la moto unaungua."

Bi Kufuli aligeukia ukuta, akajifanya anarekebisha picha. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka watu saba wenye saa wayaone. Miaka mitatu alikuwa na mwanafunzi, mmoja, tena hodari, na hakuwahi kumvutia hata kiti.

Lakini mzee hakuwa amemaliza. "Basi nimepata jibu langu," alisema. "Mlinzi ninaye tayari, tena anapika chai. Wewe mama mwenye cheo kirefu nakuweka kwa ajili ya nini?"

Bi Kufuli, angali ameukabili ukuta, alipangusa uso kwa kiganja.

"Mzee, usinitafutie lawama," Shangazi alimwahi. "Mimi ni daftari moja. Juzi aliniuliza, jiko likishika moto itakuwaje? Nilimkasirikia, lakini usiku nililiwaza hilo mpaka nikaamka kwenda kuangalia jiko langu la nyumbani. Mimi najua kukataa. Huyu ndiye anayejua nikatae nini, na mwezi ujao watakuja na ujanja gani. Bila yeye yule wa tai ningempa na biskuti." Akanyanyua sinia. "Kosa lake ni moja tu. Herufi kumi na nne, kila mwezi, mpya! Vichwa vyetu si ghala, bosi. Ungetuachia moja refu, tukalizoea, nani angekuja jikoni?"

Wote wakamtazama Bi Kufuli. Aligeuka, pua nyekundu. "Ni kweli," alisema. "Sheria yangu ndiyo iliyowapeleka jikoni. Nilikuwa nimesoma kwamba wengi siku hizi wameiacha, nikaona aibu kuiondoa kwa kuwa niliiweka mimi."

Mzee aligonga sakafu kwa fimbo mara moja, na hivyo ndivyo alivyokuwa anapitisha maamuzi tangu enzi za kisu cha jikoni. Cheo kibaki. Neno la siri libaki moja, libadilishwe tu likishukiwa kuvuja. Shangazi aongezwe kwenye idara ya usalama, saa mbili kila siku, na alipwe saa hizo. "Na mafunzo," alimalizia, "yafanywe watu wakiwa wamesimama."

Saa nane mchana Bi Kufuli alikwenda jikoni. Safari hii alipiga hodi. Aliweka simu yake juu ya friji bila kuambiwa, akakaa kwenye kigoda, na daftari jekundu akaliweka mezani kati yao.

"Tulichane pamoja," alisema. "Yote yaliyomo yamekufa. Na samahani kwa kelele za Jumanne, Shangazi."

"Yamekwisha, mwanangu." Shangazi alilivuta, akalamba kidole, akafunua hadi ukurasa wa mwisho. "Ila kabla hujalichana, tazama wako."

Juu ya ukurasa iliandikwa: *Vijiko viwili. Huisahau mpaka ikapoa.* Chini hapakuwa na kitu.

"Nilikutengea tangu mwezi wako wa kwanza," Shangazi alisema. "Ukaendelea kuwa mweupe. Nikasema huyu ndiye anayefuata anachofundisha. Ndiyo maana chai yako nilikuletea mwenyewe. Niliona aibu uingie humu uwakute hawa."

Bi Kufuli aliutazama ukurasa mweupe mpaka masikio yakapata moto. Jambo hili hakulisema mbele ya bodi, na alikuwa amejiapiza kulipeleka kaburini.

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo, "langu analo mama yangu."

"Mama yako?"

"Kila tarehe mosi nampigia, namsomea. Hasahau kitu. Anadhani ni neno la zamu, la kusema getini usiku ili wenzangu wasinipige rungu. Nikisahau nampigia ananikumbusha."

Shangazi aliweka birika chini. "Na mtu mwingine akimpigia?"

"Hampi. Hata mimi hanipi mpaka nimwambie nimekula nini, na kama nimevaa koti."

Shangazi alicheka. Alicheka mpaka akashika friji, mpaka simu ya Bi Kufuli ikateleza na kudakwa hewani, mpaka meneja wa mauzo akachungulia dirishani na kukimbia tena. Kisha akavaa miwani yake, akachukua kalamu, na chini ya vile vijiko viwili akaandika kwa mwandiko wake wa taratibu: *Liko kwa mama yake. Salama.* Akauchana ukurasa ule peke yake, akaukunja mara nne, akamtia Bi Kufuli mkononi. Halafu akamimina chai, akamsogezea kikombe, akasimama juu yake mikono kiunoni kumlinda mpaka ainywe, na Bi Kufuli akainywa yote ingali moto.